Mafua Yakishaiva

Jumatatu, 3 Juni

Msimu umeanza! Tangu tufungue duka letu la dawa asubuhi ni chafya tupu. Foleni imefika hadi kwenye ngazi, kila mtu na pua nyekundu, kila mtu na kitambaa mkononi. Napenda siku kama hizi. Nikisema hivyo mbele ya watu wataniona mchawi, lakini hapa niko peke yangu – napenda.

Kazi yangu naijua. Mteja wa mafua swali lake la kwanza ni moja tu: siku ya ngapi? Mamdogo alinifundisha hilo miaka tisa iliyopita, mama alipofariki, akanichukua na kunisimamisha nyuma ya kaunta hii. Mteja akijibu ya kwanza au ya pili – vidonge vya maumivu, anywe maji mengi, arudi siku ya nne. Akijibu ya nne – hapo ndipo ninaposhusha chupa nyekundu ya dawa ya mafua. Naandika kwa penseli kwenye boksi, "Siku 4", namwambia: siku tatu tu, utakuwa mzima. Na wanakuwa! Wanapita wananipungia mkono dirishani. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Siku Tatu. Hata watoto wa shule.

Kwa nini siku ya nne? Mamdogo anasema mafua lazima yaive kwanza, dawa ipate pa kushika. Mamdogo hana haja ya kunieleza mara mbili.

Halafu leo – ngoja niandike vizuri – leo ameniambia mwisho wa mwezi anapumzika. Magoti yamechoka kusimama. Duka ni langu! Amenishika mikono yote miwili, akasema sina mtoto wa kike anayelipenda duka hili kama wewe, yule wangu wa kumzaa anataka kuuza viatu tu. Kibao cha nje kitapakwa rangi upya. Jina jipya: SIKU TATU. Mchora vibao anakuja Jumatano ijayo.

Nimelia kidogo kwenye stoo. Kama si machozi basi ni mafua. Koo linawasha tangu jioni.

Jumanne, 4 Juni

Ni mafua. Pua bomba, kichwa ngoma, macho yanatoa maji.

Kwa utaratibu wetu ningesubiri hadi Ijumaa. Lakini jamani, Siku Tatu mwenyewe anachuruzika makamasi mbele ya wateja! Nani ataniamini? Nimeshusha chupa nyekundu, nimenywa vijiko viwili pale pale nyuma ya pazia. Kwenye boksi nimeandika "Siku 1". Nilicheka peke yangu – sijawahi kuiandika namba hiyo.

Ijumaa nitakuwa ngangari.

Jumatano, 5 Juni

Mbaya zaidi. Ni kawaida, siku ya pili.

Mzee wa Saa amekuja. Huyu ni fundi saa, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, tunatazamana siku nzima. Anakuja kila Jumatano kuchukua matone ya pua. Pua yake ikiziba hasikii mlio wa saa, anasema, na saa lazima aisikilize kabla ya kuifungua. Leo alikaa kwenye benchi kidogo kwanza, akashika ukingo wa kaunta. Nimemuuliza vipi mzee wangu. Akasema ni presha tu, binti yangu, kliniki wamesema imepanda tena na hawajui kwa nini, wameniongezea vidonge. Kisha akachukua kichupa chake. "Bila haya matone yako mimi ningekuwa nimezibwa kama choo." Nilicheka hadi nikakohoa.

Mchana nimesafisha vioo. Kila boksi linalofika tunatoa kile kikaratasi cha ndani, chenye herufi za chawa, tunakiweka kwenye ndoo. Mamdogo anasema vinatisha wateja bure. Lakini kwa kung'arisha kioo hakuna kitu kama kikaratasi hicho! Kioo chetu kinameta kuliko cha benki.

Ijumaa, 7 Juni

Siku tatu zimekwisha. Sijapona. Usiku sikulala, kifua kinakereketa, sauti imekwenda na maji. Na chupa imebaki robo.

Nilijua mara moja. Feki! Tumeuziwa dawa feki! Nikawafikiria watu wote waliochukua wiki hii, damu ikanichemka. Kabla Mamdogo hajafika nimeshusha chupa nyekundu zote kutoka kwenye rafu, nimezipanga kwenye katoni, nimeandika juu kwa kalamu nene: HAZIUZWI. Wateja wanne nimewarudisha mikono mitupu. Niliona fahari. Kweli, niliona fahari! Nikajiambia hivi ndivyo mwenye duka anavyofanya.

Mamdogo ameingia, ameona katoni. Nimemweleza kwa sauti yangu ya chura. Msambazaji ametuingiza mjini, Mamdogo, nimekunywa tangu siku ya kwanza na haikufanya kitu.

Akacheka. Akacheka hadi akakaa.

"Nani alikutuma unywe siku ya kwanza?"

Nikasema nilitaka kupona mapema. Akafuta macho. Akaniambia dawa haina kosa, wewe ndiye umeanza mapema, rudisha chupa juu kabla wateja hawajahamia kwingine. "We mtoto! Miaka tisa!" Akaenda nyuma bado anacheka.

Nimerudisha chupa. Moja moja. Kuna kitu sikukielewa katika kicheko kile.

Saa nane simu yake ikalia. Ni binti yake, yule wa viatu. Mtoto wake wa miaka minne ana mafua. Pazia letu ni kitambaa tu, na mimi nilikuwa juu ya ngazi ya rafu, sikio langu liko hatua mbili. Mamdogo akasema usimpe kitu. Maji ya uvuguvugu, maji ya chumvi matone mawili puani, asali kidogo kabla ya kulala, acha alale. Ndani ya wiki yataisha. Binti yake nadhani aliuliza kuhusu chupa nyekundu, maana Mamdogo alijibu, bila hata kushusha sauti:

"Hizo ni za kuuza, mama."

Za kuuza.

Jumamosi, 8 Juni

Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya nne, ongeza tatu. Saba. Mafua hukaa wiki, yanaondoka yenyewe. Ukimpa mtu siku ya kwanza, siku tatu zikiisha atakuja kukupigia kelele. Ukimpa siku ya nne, atakuja kukushukuru.

Yakishaiva! Mungu wangu. Kumbe yanaiva ili yaanguke yenyewe, na sisi tunasimama chini na kikapu.

Na aliyekuwa anasema "siku tatu tu" ni nani? Mimi. Kwa mdomo wangu huu. Huku nikimtazama mtu machoni, nikimshika bega kama ni bibi. Mamdogo hakuwahi kusema siku tatu hata mara moja. Nimekumbuka, nimekumbuka sana, nimerudi nyuma mwaka hadi mwaka. Hajawahi! Yeye alinipa swali tu. Ahadi niliitoa mimi, kwa sababu niliona wanapona, na yeye akanisikia na akaniacha.

Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Na chupa yenyewe nilikuwa naiuza mimi.

Sikwenda kazini. Nimemtumia ujumbe kwamba sauti imekatika. Akanijibu pumzika mwanangu, kunywa maji ya moto. Maji ya moto! Sasa ananiambia maji ya moto.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa Baba. Nilitaka mtu wa kunionea huruma.

Baba alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, ameshastaafu lakini haachi, anapunguza suruali za majirani. Nimemsimulia yote, nikipiga chafya katikati. Nilitegemea atapiga meza. Baba ni mtu wa kupiga meza. Badala yake akaanza kupanga pini.

Nikamwambia hata wewe, Baba, kila baridi nakuletea chupa, mwaka mwingine hata mbili, na kila mwaka unaniambia imekusaidia. Siku tatu tu mwanangu, nikaamka mzima – si ndivyo unavyosema? Akaendelea na pini. Zile za vichwa vyekundu huku, za vyeupe huku.

Nikaelewa. Sijui nilielewaje. Nikaenda kwenye kabati la nyuzi.

Ziko pale, nyuma ya vigurudumu vya uzi mweusi. Zimepangwa mstari. Maboksi kumi na moja. Kila moja lina mwandiko wangu wa penseli, Siku 4, Siku 5, Siku 4. La kwanza peke yake ndilo limefunguliwa. Mengine kumi hayajaguswa.

Baba akasema ya kwanza aliinywa. Moyo ukamwenda mbio siku nzima, akadhani anakufa kwenye cherehani. Akampigia simu Mamdogo, naye akamgombeza: wewe una presha, hiyo ina kitu cha kuzibua pua, kinapandisha presha, usiinywe tena. Na Mamdogo akasema usimwambie mtoto. Ndiyo kwanza ameanza kazi, ametoka kufiwa, atavunjika moyo.

Nikamuuliza mbona hukuzitupa.

"Ningetupaje? Umeandika kwa mkono wako."

Nimemkumbatia. Nimemkasirikia pia, sijui mtu anafanyaje vyote viwili. Miaka tisa babangu ananidanganya kwa upendo na Mamdogo ananidanganya kwa faida, na mimi katikati nachekacheka kama zuzu. Watu wote wa kwetu walijua isipokuwa mwenye jina!

Nimezibeba zote kwenye begi. Hakunizuia. Alinishonea tu kifungo cha koti kilichokuwa kinaning'inia, nikiwa nimelivaa, akakata uzi kwa meno.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka mzima. Siku ya saba. Pua imezibuka kabisa, sauti imerudi. Nilikaa kitandani nikacheka kwa hasira.

Nimemkabili. Asubuhi, kabla ya kufungua. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoka vipande vipande. Nilisema nimekwenda kwa Baba. Ilitosha.

Mamdogo hakukana. Hilo ndilo linaloniuma – macho makavu! Akavuta kiti, akanyoosha goti lake bovu, akaniambia kwa utulivu kama alivyonifundisha kusoma tarehe za mwisho za dawa. Kidonge cha maumivu kinaondoa maumivu, hilo kweli. Homa kinashusha. Matone yanazibua pua kwa siku mbili tatu, kweli pia. Lakini mafua yenyewe hayana dawa, hapa wala popote, na mimi sikutunga hilo. Mtu anakuja anaumwa, anataka atoke na kitu mkononi. Nikimwambia nenda kalale, atakwenda duka la pili wampe kibaya zaidi, na antibiotiki juu. Kwangu anatoka na chupa, anatoka na neno zuri, analala, anapona. Nani ameumia?

Nikasema mimi.

Akalikanda goti. Kisha akasema wewe ulikuwa umekauka kwa msiba, mwanangu. Ulikuwa husemi na mtu. Siku mteja wa kwanza alipokurudia kukushukuru, ulicheka, mara ya kwanza tangu tumzike dada yangu. "Ningekuambia nini siku ile?"

Siku ile, sawa. Na siku nyingine zote? Miaka tisa ina siku ngapi?

Sikumwambia hivyo. Mteja aligonga kioo. Nikafungua. Nikauliza siku ya ngapi, ulimi ukaenda wenyewe! Akasema ya nne. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia alale. Mamdogo alinitazama juu ya miwani.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimesoma kikaratasi. Nilichukua kimoja kutoka kwenye ndoo ya kusafishia vioo, kile cha matone ya pua, nikakinyoosha kwenye goti. Kumbe herufi si ndogo kiasi hicho. Kinasema: matumizi yasizidi siku tano. Ukizidisha, pua itaziba zaidi kuliko mwanzo na utayahitaji zaidi. Kinasema: mwenye presha amwone daktari kwanza.

Nilisoma mara tatu. Nikanyanyua macho. Ng'ambo ya barabara Mzee wa Saa alikuwa ameinama juu ya saa ya mtu, mdomo wazi, anapumua kwa mdomo.

Nimepekua daftari hili nyuma. Nimeipata. Jumatano, 10 Aprili: "Mzee wa Saa ana mafua, siku ya nne, nimempa nyekundu na matone. Mzee mcheshi!" Baada ya hapo kila Jumatano. Hana mafua yule. Mafua yake yaliisha siku nyingi. Ana sisi.

Nilivua koti la kazi nikavuka barabara. Kibandani kwake hakuna nafasi ya watu wawili, unasimama nje unaongea kupitia kidirisha. Akatoa jichoni kile kioo chake cha kazi, cha kukuzia, akafurahi kuniona. Akanionyesha saa ya mwanamke fulani, ndogo kama kifungo. Akasema mikono inamtetemeka siku hizi, ni vidonge vipya vya presha au ni uzee, sasa skrubu moja inamchukua asubuhi nzima. Amemrudishia mteja mmoja saa yake bila kuitengeneza. Mara ya kwanza katika maisha yake.

Nikafungua mdomo. Akanitangulia. Akasema kesho nakuja kwa matone yangu, niwekee, na hongera ya duka, nimesikia, mtaa mzima una furaha, wewe ndiye daktari wetu.

Nikasema asante. Asante! Nikarudi. Mwoga mkubwa mimi.

Mamdogo alikuwa ananiangalia kupitia kioo kinachometa. Nilimuuliza swali moja tu: Baba ulimpigia kelele siku ile ile. Huyu unajua ana presha, unamuona anavyokaa kwenye benchi. Kwa nini hukumwambia?

Akafunga droo. Akasema baba yako ni shemeji yangu.

Basi. Alikuwa na jibu, na jibu ndilo hilo. Yale mengine yote ningeweza kusamehe, nadhani. Kicheko, kikaratasi, hata maboksi kumi na moja. Hili sijui niliweke wapi.

Jumatano, 12 Juni

Naandikia dukani. Niko kwenye kaunta, daftari nimelilaza juu ya kitabu cha stoki, ukitazama kwa mbali utadhani nahesabu mali. Mikono inataka kazi.

Mchora vibao amefika tangu saa tatu. Yuko juu ya ngazi nje ya mlango, miguu yake tu ndiyo ninayoiona. Mamdogo amevaa vizuri leo, kitambaa kipya kichwani. Asubuhi alisema tusahau ya jana, mwanangu, kila duka lina mambo yake ya jikoni. Akaniwekea ufunguo mkubwa mezani. Ule wa mlango. Miaka tisa sijawahi kuushika.

Nimeutazama. Najua nikimwambia yule mzee leo, atawaambia wateja wake wa saa, na wao watawaambia wengine, na kufikia Ijumaa hakuna wa kuniita Siku Tatu. Ufunguo utarudi mfukoni mwake. Nitarudi kuwa yule aliyekaa kwenye kiti cha pembeni bila kusema na mtu.

Saa tano kasoro. Anavuka. Amesimama katikati ya barabara kungoja gari, ameshika kifua. Sasa anakuja.

Ameingia. Shikamoo mzee. Marahaba binti yangu. Amekaa benchi kwanza. Mamdogo ameshatoa kichupa kwenye droo, amelikung'uta boksi kama kawaida, kikaratasi kimeanguka kwenye ndoo, ameweka boksi mbele yangu. Ananingoja niandike namba. Tunaandika kila boksi, hata la matone, hata la mteja wa kila wiki. Kwa Mzee wa Saa huwa naandika tu "4" kwa mazoea.

Nje mchora vibao anapiga kelele kutoka juu. Anauliza hiyo TATU aiandike kwa maneno au kwa tarakimu. Mamdogo anamjibu kwa maneno, kwa maneno, ya rangi nyekundu.

Nimehesabu jana. Tarehe kumi Aprili ilikuwa siku ya nne.

Nimechukua penseli. Nimeandika "Siku 67". Kubwa, upande mzima wa boksi. Kikaratasi nimekiokota kwenye ndoo, nimekikunjua, nimekiweka chini ya boksi, nimesukuma vyote hadi upande wake wa kaunta. Miguuni pangu begi lenye maboksi ya Baba liko wazi.

Mamdogo ameona namba. Mkono wake uko juu ya ufunguo. Ananiambia kwa sauti ya chini sana, ile ya nyumbani, mwanangu, umekosea, andika tena.

Mzee amelichukua boksi pamoja na kikaratasi. Analigeuza huku na huku. Anasema macho haya, binti yangu, ngoja. Ametoa kile kioo chake cha kazi mfukoni, amekipangusa kwenye shati, amekibana jichoni. Sasa anasoma.